Ahadi ya Mdomo na Mnara wa Jiwe: Mahame ya Imber na Kanisa la Mtakatifu Giles, Uingereza

Utangulizi

Kwa Kiswahili, mahali palipokaliwa na watu kisha pakaachwa huitwa mahame. Neno hilo linatokana na kitenzi hama, na kwa sababu hiyo hubeba ndani yake kumbukumbu ya watu. Gofu hutaja jengo lililobaki, ilhali mahame hutaja watu walioondoka. Tofauti hiyo ni muhimu kwa mtafiti wa historia, kwa kuwa mara nyingi mgeni anayefika mahali pa namna hiyo huvutiwa na kuta, akapiga picha za mapaa yaliyobomoka, na kusahau kuuliza nani alifunga mlango mara ya mwisho na kwa amri ya nani.

Makala hii inachunguza mahame ya Imber, kijiji kilichopo katikati ya uwanda wa Salisbury, jimbo la Wiltshire, kusini mwa Uingereza. Wakazi wake waliondolewa mwezi Desemba 1943 ili majeshi ya Marekani yapate mahali pa kufanyia mazoezi ya vita vya mitaani kabla ya kuvuka kwenda kuikomboa Ulaya. Hawakurejea. Jengo lililonusurika kwa ukamilifu wake ni kanisa la Mtakatifu Giles, nalo hufunguliwa kwa waumini na wageni kwa siku chache tu katika mwaka. Maelezo yaliyozoeleka kuhusu Imber husema kwamba wanakijiji waliahidiwa kurudi, na kwamba ahadi hiyo ilivunjwa. Makala hii haikanushi maelezo hayo. Inachodai ni kwamba Imber ilikwisha kupotea kabla ya ahadi kutamkwa, na kwamba chanzo chake ni mikataba ya ardhi iliyosainiwa wakati wa amani, miaka kumi na zaidi kabla ya askari wa kwanza wa Marekani kukanyaga uwanda huo.

Kijiji na ardhi yake

Imber ni mahali pa kale. Jina lake linaonekana katika hati ya mwaka 967, na kijiji kimo katika daftari kuu la mali na kodi lililoandaliwa kwa amri ya mfalme William wa Kwanza mwaka 1086. Kilijengwa bondeni, kando ya kijito ambacho hujaa majira ya baridi na kukauka wakati wa kiangazi, huku vilima vya chokaa vyenye majani mafupi vikikizunguka pande zote. Ardhi ya namna hiyo hufaa kondoo kuliko mazao, na kwa karne nyingi maisha ya Imber yalikuwa maisha ya wachungaji, wakata manyoya na vibarua wa mashambani. Umbali wake kutoka miji ya jirani ulikuwa mkubwa kiasi cha kutungiwa kibwagizo na watu wa eneo hilo. Kwa kipimo cha Uingereza kusini, ambako kijiji kimoja huweza kusikia kengele za kijiji kingine, Imber ilikuwa pembezoni.

Sensa ya mwaka 1851 ilihesabu watu 440, idadi kubwa kuliko zote zilizowahi kuandikwa kijijini hapo. Baada ya hapo hesabu ilianza kushuka, na sensa ya 1931 ilikuta watu 152. Kushuka huko hakukuletwa na jeshi. Nafaka za bei nafuu kutoka ng'ambo, mashine mashambani, na mishahara ya viwandani viliwavuta au kuwasukuma vijana kutoka vijiji vingi vya Uingereza katika kipindi hicho. Hata hivyo, kijiji kinachopungua bado ni kijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 Imber ilikuwa na kanisa la Kianglikana, kanisa dogo la Wabaptisti lililojengwa mwaka 1839, nyumba ya kasisi, chumba cha shule, karakana ya mhunzi, jumba kubwa la kimwinyi lililoitwa Imber Court, na nyumba ya pombe iliyoitwa Bell Inn. Nyumba mpya za kupangisha zilijengwa na halmashauri mwaka 1938, jambo linaloonesha kwamba mamlaka za kiraia za eneo hilo hazikuwa na taarifa, au hazikutaka kuamini, kwamba kijiji kilikuwa kinaelekea ukingoni.

Jeshi lilianza kununua ardhi katika uwanda wa Salisbury mwaka 1897. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 Wizara ya Vita ilikuwa imefika Imber. Hali ya kilimo ilikuwa mbaya, na wamiliki wa mashamba walikuwa na madeni. Wizara ilitoa bei nzuri, kisha ikawaruhusu waliouza waendelee kulima mashamba yaleyale kama wapangaji kwa kodi nafuu. Kwa mkulima mwenye deni benki, hayo yalikuwa masharti ya kushukuru. Katika muda wa miaka michache karibu ardhi yote ndani na pembezoni mwa kijiji ilihamia mikononi mwa jeshi. Vilivyobaki nje ya miliki hiyo ni kanisa, nyumba ya kasisi, kanisa la Wabaptisti, chumba cha shule na Bell Inn.

Orodha hiyo fupi inastahili kutazamwa kwa makini kuliko inavyotazamwa kwa kawaida. Vibarua na mafundi wa Imber hawakuwa wamiliki hata kabla ya jeshi kuja. Nyumba zao zilikuwa za mabwana shamba. Kilichobadilika ni bwana. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa jirani aliyekaa benchi la mbele kanisani, ambaye angeweza kuombwa, kulaumiwa au hata kuonewa haya. Mwenye nyumba mpya alikuwa wizara iliyoko London, na mikataba yake ilikuwa na kifungu kilichompa uwezo wa kuwaondoa wapangaji pindi mahitaji ya jeshi yatakapodai. Hakuna ushahidi kwamba kifungu hicho kilizua mjadala wakati wa kusainiwa. Watu waliendelea kufua, kulisha kondoo na kuzika wafu wao, na mizinga ikasikika kwa mbali.

Ilisikika pia kwa karibu. Tarehe 13 Aprili 1942, katika onesho la mashambulizi ya ndege lililofanyika karibu na Imber, rubani mmoja alikosea shabaha na kuwafyatulia risasi watazamaji waliokuwa askari wa jeshi lake mwenyewe. Watu 25 walikufa. Tukio hilo halina uhusiano wa moja kwa moja na kuhamishwa kwa wanakijiji, lakini linaeleza mazingira: mwaka mmoja na nusu kabla ya amri ya kuondoka, bonde la Imber lilikuwa tayari limezungukwa na vita.

Siku arobaini na saba

Tarehe 1 Novemba 1943 wakazi waliitwa kwenye mkutano katika chumba cha shule. Huko walielezwa kwamba kijiji kinahitajika kwa mafunzo ya majeshi ya Marekani, na kwamba wana siku 47 za kuondoka. Siku ya mwisho ilikuwa 17 Desemba, wiki moja na siku moja kabla ya Krismasi. Kwa mchungaji au mkulima muda huo haukutosha hata kuuza mifugo kwa bei ya haki, achilia mbali kutafuta shamba jingine katikati ya majira ya baridi na katikati ya vita.

Wengi hawakuonesha upinzani wa wazi. Waandishi wengi huueleza ukimya huo kwa uzalendo, na hapana shaka uzalendo ulikuwapo: kulikuwa na vijana wa Imber vitani, na wazazi wao hawakutaka kuonekana wakikataa kuchangia ushindi. Lakini maelezo hayo peke yake hayatoshi. Mtu anayepanga nyumba ya wizara, kwa mkataba unaoruhusu aondolewe, wakati sheria za dharura za vita zinaipa serikali mamlaka makubwa juu ya mali, hana mahali pa kupelekea upinzani wake. Ukimya wa mtu asiye na mlango wa kugonga haupaswi kuandikwa katika safu ileile na ukimya wa mtu aliyeridhika.

Simulizi moja kutoka wiki hizo hurudiwa kila Imber inapotajwa. Mhunzi wa kijiji, mzee aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, alikutwa na mkewe karakanani akiwa ameinamia fuawe lake analia. Aliondoka pamoja na wengine, akaugua, na baada ya muda mfupi akafariki. Mwili wake ulirudishwa Imber kuzikwa. Watu wa eneo hilo husema alikufa kwa huzuni, na daktari angeandika sababu nyingine. Kwa mwanahistoria jambo la kuzingatia ni kwamba mkazi wa kwanza kurudi Imber baada ya kuhamishwa alirudi akiwa ndani ya jeneza, na kwamba jeshi lilimruhusu. Uwanja wa kanisa ulikuwa mahali pekee ambapo haki ya mwanakijiji bado ilitambulika, ingawa alilazimika kufa kwanza.

Suala la ahadi

Wahenga walisema ahadi ni deni. Msemo huo haubainishi iwapo ahadi ni lazima iandikwe, kwa kuwa katika jamii zilizoutunga neno la mtu mzima mbele ya mashahidi lilitosha. Watu wa Imber walikuwa na mtazamo uleule. Katika masimulizi yao ya baadaye, waliohudhuria mkutano wa tarehe 1 Novemba, na watoto waliosikia kutoka kwa wazazi wao, walishikilia kwamba waliambiwa watarudi vita vitakapokwisha. Wengine walikumbuka kutajwa kwa miezi sita. Ahadi hiyo imefika katika historia hasa kwa njia hii ya masimulizi.

Ushahidi wa masimulizi hupimwa kwa kulinganishwa na mwenendo wa watu na wa serikali yenyewe. Upande wa wakazi, yapo maelezo ya familia zilizoacha baadhi ya vitu, na ya bustani zilizoachwa kama mtu anayesafiri aachavyo bustani. Upande wa serikali, vita vilipoisha kulifanyika kazi ya kukarabati nyumba zilizoharibiwa na mafunzo na hali ya hewa. Kama nia tangu mwanzo ilikuwa kukitwaa kijiji moja kwa moja, ni vigumu kueleza kwa nini fedha zilitumika kuezeka mapaa. Ukarabati huo unaonesha kwamba, angalau katika ngazi fulani ya utawala, kurudi kwa wakazi kulidhaniwa kuwa ni jambo litakalotokea. Kwa hiyo ni busara kukubali kwamba maneno yalisemwa, na kwamba yumkini aliyeyasema aliyaamini.

Hapo ndipo hoja ya ardhi inaporejea. Ahadi ya kurudi ilitolewa, kama ilitolewa, na jeshi likiwa mwenye nyumba, kwa wapangaji ambao mikataba yao ilikuwa imekwisha. Hata ingeandikwa kwenye karatasi na kupigwa muhuri, ingekuwa ahadi ya kupangishwa upya, nayo haiondoi umiliki wa mwenye ardhi. Uamuzi wa kutowarudisha ulipofanywa baada ya vita, wizara haikulazimika kuchukua kitu ambacho si chake. Ililazimika tu kukaa kimya na kutogawa funguo.

Miaka iliyofuata nyumba zilianza kuporomoka. Mwezi Januari 1961 watu zaidi ya 2,000 walivunja katazo, wakaingia Imber kwa magari na kwa miguu, na kudai kijiji kirejeshwe. Aliyekuwa mstari wa mbele katika harakati hizo ni Austin Underwood, diwani kutoka mji wa Amesbury, na kaulimbiu yao ilikuwa Imber milele. Ulifuata uchunguzi wa hadhara kuhusu kufungwa kwa njia zinazopita uwandani, na matokeo yake yalilipa jeshi lilichotaka. Wanaharakati waliambulia jambo moja: kanisa litatunzwa, na mara moja kwa mwaka, Jumamosi iliyo karibu na sikukuu ya Mtakatifu Giles ya tarehe 1 Septemba, litafunguliwa kwa ibada.

Ni rahisi kuyabeza mafanikio hayo. Watu walidai kijiji wakapewa asubuhi moja. Lakini hatima ya majengo mengine inaonesha thamani ya asubuhi hiyo. Kanisa la Wabaptisti, ambalo pia halikuwa mali ya jeshi mwanzoni, lilibomolewa katika miaka ya 1970, na kilichobaki ni makaburi yake. Katika miaka hiyohiyo nyumba za zamani zilizidi kutoweka, na jeshi likajenga magofu mapya: majengo matupu ya matofali, yasiyo na madirisha wala milango, kwa ajili ya mafunzo ya vita vya mijini wakati wa machafuko ya Ireland ya Kaskazini. Mgeni asiyeelezwa huyadhania kuwa ndiyo nyumba za wanakijiji, akayapiga picha kwa huzuni. Hakuna aliyewahi kuzaliwa humo.

Ndani ya uzio

Kanisa la Mtakatifu Giles limesimama kwenye mteremko juu ya barabara, ndani ya uzio mrefu wa waya uliowekwa ili kuwazuia askari wasiingie. Kwa kawaida jeshi huweka uzio kuwazuia raia. Hapa uzio unalinda ekari moja au pungufu ya ardhi ya kiraia katikati ya eneo la mizinga, na sehemu kubwa ya mwaka hakuna raia aliye upande wowote wa waya huo.

Jengo lina asili ya zama za kati na limo katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria yanayolindwa kisheria nchini Uingereza. Ndani yake mna kuta nyeupe, matao ya mawe, na mabaki ya michoro ya ukutani. Kinachovuta macho ya wengi kimo mnarani: ukutani kumechorwa mpangilio wa upigaji kengele, wenye tarehe ya mwaka 1692, safu za namba zinazowaelekeza wapigaji kengele ni ipi ifuate ipi. Mchoro huo haukukusudiwa kuwa sanaa. Ulikuwa chombo cha kazi, kama vile fundi anavyoandika vipimo kwenye ubao wa karakana, na bila shaka kizazi baada ya kizazi kiliusoma huku mikono imeshika kamba. Kati ya vitu vyote vilivyobaki Imber, huu ndio unaoonesha wazi zaidi watu wakifanya jambo kwa pamoja.

Vitu vingine viliondolewa. Birika la ubatizo lilipelekwa kanisa la Brixton Deverill, na sanamu mbili za mawe za mashujaa wa kale waliolala makaburini mwao zikahamishiwa kanisa la Edington, kaskazini mwa uwanda. Uamuzi huo ulikuwa wa hekima kwa upande wa uhifadhi, lakini una maana nzito kwa upande wa ibada. Kanisa lisilo na birika halibatizi. Dayosisi ilipoondoa birika ilikuwa inakiri, bila kutamka, kwamba Imber haitarajiwi tena kuzaa.

Mwanzoni mwa karne ya 21 dayosisi ililitangaza kanisa kuwa halihitajiki tena kwa matumizi ya kawaida, na mwaka 2005 likakabidhiwa kwa Churches Conservation Trust, taasisi inayotunza makanisa ya kihistoria yasiyo na waumini. Mnara uliokuwa umeharibika ulikarabatiwa, na ibada ya mwaka ikaendelea.

Tangu mwaka 2009, siku moja kila majira ya kiangazi, mabasi mekundu ya ghorofa ya aina ya zamani ya London huondoka stesheni ya Warminster na kuvuka uwanda hadi Imber, yakiwa yamejaa abiria. Wengi wao ni wapenzi wa mabasi. Hushuka mbele ya kanisa, hupanda ngazi, hutazama mchoro wa kengele, hununua chai na keki, na sehemu ya fedha huenda katika matunzo ya jengo. Wapo wanaoona kwamba utalii wa namna hii unaligeuza jeraha kuwa matembezi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haina budi kupimwa dhidi ya hali halisi: waliozaliwa Imber wamekwisha karibu wote, na bila basi hilo wajukuu wao, ambao hawana haki yoyote zaidi ya mgeni mwingine kupita vizuizi vya jeshi, wangekuwa na njia chache zaidi za kufika kwenye makaburi.

Je, karatasi ingetosha?

Imber si peke yake. Katika mwezi uleule wa Desemba 1943, kijiji cha Tyneham katika jimbo la Dorset, chenye watu wapatao 225 pamoja na viunga vyake, kiliondolewa wakazi kwa sababu za kufanana. Mmoja wa waliokuwa wakiondoka alibandika tangazo kwenye mlango wa kanisa la Mtakatifu Maria, akiwaomba askari walitunze kanisa na nyumba kwa uangalifu, akieleza kwamba wakazi wametoa makazi yao kusaidia ushindi na kwamba siku moja watarejea. Tangazo hilo ni waraka wenye thamani ya pekee kwa mwanahistoria, kwa sababu linaonesha imani ya kurudi ikiwa imeandikwa wakati huohuo wa kuondoka, kabla kumbukumbu haijapata nafasi ya kujitengenezea mambo. Lakini ni waraka wa upande mmoja. Serikali ilitwaa ardhi ya Tyneham kwa nguvu ya sheria mwaka 1948, ingawa huko kulikuwa na familia ya wamiliki waliokuwa na hati.

Mfano wa mbali zaidi unalifikisha swali hilo mwisho wake. Iqrit kilikuwa kijiji cha Wapalestina Wakristo wa Kanisa la Kimelkiti huko Galilaya ya Juu, karibu na mpaka wa Lebanon. Mwezi Novemba 1948 jeshi la Israeli liliwaondoa wakazi wake na kuwaambia kwamba watarudi baada ya wiki mbili. Tofauti na watu wa Imber, hawa walikuwa na ardhi yao, na walikwenda mahakamani. Tarehe 31 Julai 1951 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba hapakuwa na sababu ya kisheria ya kuwazuia kurejea. Jeshi lilitoa amri mpya ya kuwahamisha, na wakati wa Krismasi ya mwaka huohuo nyumba za Iqrit zikalipuliwa. Kanisa na makaburi vilibakizwa. Baadaye, kuanzia miaka ya 1970, wazawa waliruhusiwa kuzika wafu wao na kusali hapo. Ombi lao la kurudi lilikataliwa tena na mahakama mwaka 2003. Mwaka 2012 vijana wa kizazi cha tatu walianza kupiga kambi kandokando ya kanisa na kukaa humo kwa zamu.

Kulinganisha Imber na Iqrit kunahitaji tahadhari. Wapangaji wa Imber walihamishwa na jeshi la nchi yao, wakabaki raia wenye haki zote, na wakapata nyumba katika vijiji vya jirani vinavyozungumza lugha ileile na kusali sala zilezile. Watu wa Iqrit waliondolewa katika vita vilivyoigawa nchi yao, na swali la kurudi kwao limefungamana na swali la taifa zima. Hata hivyo, mambo mawili yanabaki yakifanana. La kwanza ni kwamba hukumu iliyoandikwa, yenye tarehe na saini za majaji, haikufanya kazi ambayo ahadi ya mdomo ilishindwa kuifanya. La pili ni kwamba katika mahali pote pawili mamlaka za kijeshi, zikiwa na uwezo wa kubomoa kila kitu, zilisita mbele ya kanisa na kaburi, na kusita huko kukawaachia wahamishwaji kipande cha ardhi cha kusimamia.

Walichokifanya na kipande hicho kinatofautiana, na tofauti hiyo inarudi kwenye hati. Wazawa wa Iqrit, ambao baba zao walimiliki mashamba, wamelitumia kanisa kama kituo cha madai ambayo kila kizazi kinayarithi pamoja na jina la ukoo. Imber haikuwa na cha kurithisha isipokuwa habari. Mwana wa mpangaji anaweza kurithi fuawe la baba yake, lakini hawezi kurithi mkataba wa upangaji uliokwisha tarehe 17 Desemba 1943.

Kila mwaka, Jumamosi ya karibu na sikukuu ya Mtakatifu Giles, kengele ya Imber hupigwa. Watu hukaa, husoma zaburi, huimba, na majina ya familia za kijiji hicho husomeka kwenye mawe ya makaburi nje ya dirisha. Kisha wageni huondoka, barabara hufungwa, na lango la uzio hufungwa kwa kufuli. Mazoezi ya kijeshi huendelea, na milio yake hufika hadi Edington, ambako zile sanamu mbili zilizotolewa Imber bado zimelala.